Wiki Ambayo Hakuna Jambo Lililotokea

Ni asubuhi ya Jumapili. Najua wengine mnanisikiliza huku mnapiga pasi shati la kanisani, wengine mnakoroga uji, na yupo dereva wa bodaboda mahali fulani amesimama chini ya mti, redio inaongea kwenye simu yake, anangoja abiria wa ibada ya kwanza. Leo nimewaletea habari ya mayai manne.

Ilikuwa siku ya mavuno, katika usharika mmoja wa kijijini. Siku ya mavuno unaijua. Mbele kunajaa mpaka mchungaji anakosa pa kukanyaga: magunia ya mahindi, maboga, mikungu ya ndizi, miwa imeegemezwa ukutani, kuku wamefungwa miguu na wanalalamika katikati ya mahubiri, na nje mbuzi yupo kwenye mwembe anasubiri mnada. Ukafika wakati wa shukrani za pekee. Akatoka kijana na familia yake: basi alilopanda lilipinduka, yeye akatoka bila hata mkwaruzo. Tukapiga makofi. Akatoka mama ambaye binti yake amechaguliwa kwenda kidato cha tano. Vigelegele. Akatoka mzee aliyefanyiwa upasuaji, amerudi anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Kwaya ikasimama, ikaimba.

Kisha akatoka bibi mmoja, mdogo wa umbo, amejifunga khanga mbili, mkononi kashika kitambaa chenye mayai manne. Mchungaji akamsogezea kipaza sauti.

"Bibi, unamshukuru Mungu kwa jambo gani?"

"Hakuna jambo, mchungaji."

"Hakuna?"

"Wiki hii hakuna jambo lililotokea. Ndilo ninaloshukuru."

Kanisa likacheka. Hatukumcheka kwa dharau. Tulicheka kama watu waliotekenywa ghafla. Mwalimu wa kwaya akageuka huku na huku, hajui aanzishe wimbo upi. Nyimbo za kuvushwa anazo nyingi, za kutokutokea jambo hana hata mmoja. Mchungaji akayapokea mayai, akaomba, ibada ikaendelea. Mimi nimebaki na yale mayai kichwani hadi leo.

Hebu tujikague, msikilizaji. Shukrani zetu nyingi zinaanzia shimoni. Tunashukuru tumetolewa shimoni, tunashukuru tumelikwepa shimo, tunashukuru shimo limemeza wengine sisi likatuacha. Umewahi kumsikia mtu amesimama mbele ya kanisa akasema: mwaka mzima nimepanda daladala kwenda kazini na kurudi, na kila siku nimefika? Hatumsikii. Safari iliyopinduka ni moja, inapata ushuhuda. Zile mia tatu zilizofika salama hazipati hata asante. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu yake mojawapo ni hii: yanatufumba macho huku tunatazama.

Ukitoka kanisani leo, pita kwa mchoma mahindi, nunua hindi moja bichi, ulimenye taratibu. Zile ndevu zake, ambazo utotoni tulijibandika kidevuni tukajifanya wazee, usizitupe kwanza. Kila unywele pale umeshikamana na punje moja. Mmoja kwa moja. Juu kabisa ya mhindi kuna mbelewele inayomwaga chavua, vumbi la rangi ya manjano, na upepo unalibeba. Chembe moja ya vumbi lile lazima iangukie kwenye unywele mmoja, iote mrija mwembamba usioonekana kwa macho, ushuke ndani ya unywele mpaka chini kwenye gunzi. Safari hiyo huchukua kama siku moja. Ikifika, punje inapata uhai. Unywele uliokosa vumbi lake, au uliokaushwa na jua kabla vumbi halijafika, punje yake haipo. Hapo ndipo tunapoona pengo.

Kwa hiyo hindi lenye punje 500 ni safari 500 zilizofika. Na ukihesabu mistari kwa kulizunguka, utakuta 12, au 14, au 16. Karibu kila mara ni namba shufwa. Mkulima hakuipanga, upepo hauijui hesabu hiyo. Sasa sisi tukishika hindi kama hilo pale mkaani, tunasema nini? "Hili lina pengo, nipe jingine." Tunaliona pengo. Punje hatuzioni.

Ugonjwa huu si wa leo. Wana wa Israeli walipokuwa jangwani walitoka mahemani asubuhi moja wakakuta kitu kidogo chembamba kimetanda chini umande ulipokauka. Wakaulizana: nini hiki? Na jina la chakula kile, mana, Biblia inalihusisha na swali lenyewe. Hebu fikiria, chakula kinachoitwa swali! Asubuhi ile ya kwanza kila mtu alishangaa. Lakini kiliendelea kuja siku sita za kila wiki, kwa miaka 40, na huko mbele tunawakuta watu walewale wanalia mahemani mwao, wanataka matango na vitunguu saumu vya Misri, wamechoka kuiona mana. Muujiza haukuwa umepungua hata kidogo. Ulikuwa umezoeleka tu, na muujiza ukizoeleka hubadilishwa jina, ukaitwa "hichohicho kila siku."

Kuna jambo moja katika habari hiyo ambalo wengi hulipita haraka. Liko katika kitabu cha Yoshua, sura ya tano. Walipovuka Yordani wakapiga kambi Gilgali, wakala Pasaka, na siku iliyofuata wakala mazao ya nchi. Kesho yake, baada ya kuyala mazao yale, mana ikakoma. Ukilisoma kwa haraka utasema muujiza umekwisha, sasa maisha ya kawaida yameanza, watu walime wale. Mimi nasema muujiza haukwisha. Ulihamia shambani.

Aliyelieleza hili vizuri kuliko wote ninaowajua ni mtoto wa Afrika, Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste na kufa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba, Algeria. Alipokuwa akihubiri Injili ya Yohana, akafika pale Yesu anapolisha watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili, hakuanza na mikate. Alianza na mashamba. Aliwaambia wasikilizaji wake kwamba anayelisha dunia nzima kwa mbegu chache kila mwaka anafanya kazi kubwa kuliko kulisha watu elfu tano mara moja. Na kwamba watu walishangaa mikate ile kwa sababu ni jambo adimu, wala si kwa sababu ni kubwa zaidi. Mkono ni uleule. Kule mlimani ulionekana kwa sababu ulifanya upesi. Shambani unakwenda polepole, miezi mitatu minne, na sisi tunausahau kabla haujamaliza.

Neno lenyewe muujiza tumelipata kwa Kiarabu, na ndugu yake tunaye nyumbani: ni ajizi. Ajizi ni kushindwa, ni kulegea. Ndiyo ile tunayoambiwa ni nyumba ya njaa. Basi muujiza ni lile linalomwacha mwanadamu ameshindwa, mikono imelegea, hana la kufanya ila kutazama. Sasa nenda shambani ukajipime. Unaweza kulima, kupanda, kupalilia, kutia mbolea. Ile punje yenyewe, unaweza kuitengeneza? Yohana naye, katika Injili yake, hupenda kuiita miujiza ya Bwana ishara. Na ishara kazi yake ni kuelekeza. Mtu akikuonyesha njia kwa kidole, hutakiwi kubaki umekodolea kidole.

Nalisema hili kwa sababu sisi ni watu wa kufuata miujiza mbali. Mnakumbuka mwaka 2011, kikombe cha dawa cha yule mzee tuliyemwita Babu, kule Samunge, Loliondo. Kikombe shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita, watu wakalala njiani siku kadhaa, wengine wagonjwa mahututi, wengine wametoka nje ya nchi. Leo sijaja kuamua nani alipona na nani hakupona. Ninachokumbuka ni ile foleni. Tulikuwa tayari kulala vumbini kwa ajili ya kikombe cha mbali, na kile kikombe cha chai cha asubuhi, kilichotokana na maji, moto, majani yaliyochumwa na mtu nisiyemjua kule Mufindi au Kericho, na koo inayoweza kumeza, tunakinywa tumesimama, hatukumbuki hata kufumba macho.

Luka anatusimulia wale watu kumi wenye ukoma, mpakani mwa Samaria na Galilaya. Yesu hakuwagusa, hakuwapaka kitu. Aliwaambia waende wakajionyeshe kwa makuhani, kwa maana kuhani ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kumtangaza mtu kuwa safi. Wakaondoka. Wakapona njiani, huku wanatembea, bila radi, bila sauti. Nimewatetea mara nyingi wale tisa. Hawakukaidi, waliambiwa waende kwa kuhani nao walikuwa wanakwenda. Walikuwa na haraka ya cheti. Nani asingekuwa na haraka, baada ya miaka ya kukaa mbali na mkewe na wanawe? Tofauti ya yule mmoja, Msamaria, ni kwamba katikati ya safari aliitazama ngozi yake. Aliona, ndipo akageuka. Shukrani ilianzia machoni, ikashuka miguuni, ikamrudisha mpaka kwa Yesu. Cheti kingeweza kungoja nusu saa.

Na tuseme kweli, anayeitazama ngozi yake atakuta imeguswa na mikono mingi. Chukua kuzaliwa kwa mtoto. Tumboni mtoto hapumui kwa mapafu yake. Yamejaa majimaji, na hewa anaipata kwa damu ya mama kupitia kondo la nyuma. Moyo wake una kitundu katikati kinachoipitisha damu kando, isihangaike kwenda kwenye mapafu ambayo hayajaanza kazi. Halafu anatoka, analia. Kwa kilio kile mapafu yanafunguka, majimaji yanaondoka, damu inageuza njia, na kile kitundu kinajifunga kwa kilango chake. Dakika chache tu. Sisi nje tunasikia mtoto analia, tunaulizana ni wa kiume au wa kike. Hiyo ni pumzi yake ya kwanza. Kabla siku haijaisha atakuwa amevuta maelfu, na hakuna atakayezihesabu.

Lakini pale chumbani kuna nesi mkunga aliyekesha. Amesimama kwa saa kumi, miguu imevimba, kiatu kinambana. Ukimshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto halafu ukampita nesi mlangoni kama nguzo, shukrani yako ina tundu. Mungu ana mikono mingi, na mingine imevaa glavu. Asante, wataalamu wa lugha wanatueleza, asili yake kwa Kiarabu ni kumwambia mtu: umefanya vema. Kwa hiyo asante ni ushuhuda. Ni kuinua macho ukamwona aliyetenda. Basi tushuhudie juu kwa Mungu, na tushuhudie mlangoni kwa nesi.

Na lingine hapohapo. Shukrani isitumike kama blanketi la kufunikia uzembe. Ukivuka mto uliofurika ukafika ng'ambo salama, piga magoti ushukuru. Ukishainuka, nenda kwenye mkutano wa kijiji ukadai daraja. Kumshukuru Mungu kwa kuvuka hakumfutii deni aliyetakiwa kujenga.

Sasa nakuja kwako, msikilizaji, wewe ambaye tangu nilipotaja pengo umenyamaza. Labda umeshika simu ambayo ilikuwa ya marehemu na hujaweza kuifuta namba yake. Labda mtoto yule hakulia. Unaniuliza, mtangazaji, mimi nihesabu punje zipi? Siwezi kukujibu haraka, na anayekujibu haraka usimwamini. Ila nitakupa mambo mawili.

La kwanza ni neno dogo. Paulo aliwaandikia Wathesalonike kuhusu kushukuru, na Biblia yetu ya Kiswahili inayosomwa makanisani imetumia pale neno "kwa". Wengi tumelielewa kuwa ni "kwa ajili ya": yaani nimefiwa, basi nishukuru kwa ajili ya msiba. Katika Kigiriki neno lile ni "katika". Ndani ya kila hali. Hakuna anayekutaka uushukuru msiba. Unaalikwa kushukuru ukiwa ndani yake, kwa kile ambacho msiba haukuweza kukichukua. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, akamshukuru Baba mahali palepale, machozi hata hayajakauka. Na usiku ule aliosalitiwa, akijua kinachokuja, alichukua mkate akashukuru. Ndiyo maana meza ile Wakatoliki wanaiita Ekaristi, neno la Kigiriki lenye maana ya shukrani. Shukrani kuu ya Wakristo ilizaliwa katika usiku mbaya kuliko yote.

La pili ni habari ya mchungaji mmoja Mjerumani, Martin Rinkart, katika mji wa Eilenburg wakati wa ile Vita ya Miaka Thelathini, kati ya 1618 na 1648. Mji ulijaa wakimbizi. Mwaka 1637 ikaingia tauni, nyuma yake njaa. Ikafika mahali akabaki mchungaji peke yake mjini. Mwaka huo alizika watu zaidi ya 4,000. Mmoja wao alikuwa mke wake. Mtu huyo ndiye aliyetunga, katika miaka hiyohiyo ya vita, wimbo wa shukrani ambao Walutheri duniani kote wanauimba hadi leo, na husemwa kwamba mwanzoni aliutunga uwe sala ya mezani kwa watoto wake. Ya mezani! Meza ambayo, ukifikiri, haikuwa na vitu vingi juu yake. Mtu yule aliyajua mapengo kuliko mimi na wewe. Hakusema hayapo. Alikataa tu kuyaacha yahesabiwe peke yao.

Nimalizie kwa yule bibi. Baada ya ibada tulikuwa nje kwenye mnada. Dalali wetu, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kupasua mawe, aliyainua yale mayai manne: elfu moja, elfu mbili, nani ana elfu tatu? Yakanunuliwa kwa shilingi 5,000, na mnunuzi akasema yapelekwe nyumbani kwa yule mzee aliyefanyiwa upasuaji, apate nguvu. Bibi alikuwa amekaa kwenye mzizi wa mwembe, karibu na mbuzi. Nikamsogelea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikamwambia, bibi, leo umetuchekesha. Akatabasamu, akanyoosha khanga yake magotini. Akaniambia wiki za mambo anazijua. Amezika mume, amezika watoto wawili. Kuna mwaka mvua ilikatika mahindi yakiwa yametoa ndevu, wakavuna magunzi. Kuna usiku watu walimgongea mlango, na kabla hawajafungua midomo akajua.

"Wiki kama hizo, mjukuu wangu, mtu hulala macho wazi, anaomba apate siku moja tu isiyo na jambo. Sasa nimeletewa siku saba. Nisitoe hata yai?"

Msikilizaji, muda wangu umekwisha, wenzangu wa matangazo ya vifo wameshafika mlangoni, nami nawapisha. Kama jina unalolijua halitasomwa leo, hilo tayari ni punje. Kama litasomwa, kanisa lipo, nasi tutakuja kukaa nawe mkekani. Bwana akulinde. Na uangalie uji wako, usije ukaungua.